Mwanasayansi Darasani: Ziara ya Saa Moja Inaweza Kubadili Nini?

Wataalamu wengi wa sayansi wanaojitolea kwenda shuleni huanza na dhana moja: kwamba watoto hawaipendi sayansi, na kwamba kazi ya mgeni ni kuwafanya waipende. Ndiyo maana mkoba wa mgeni huwa umesheheni vya kushangaza: povu linalofumuka na kumwagika mezani, barafu kavu (gesi ya kaboni dioksidi iliyogandishwa) inayofuka moshi, puto la gesi linalolipuka kwa kishindo. Watoto hushangilia, picha hupigwa, mwalimu mkuu hutoa neno la shukrani, na mgeni hurudi kazini akiamini kwamba amewasha hamu.

Hamu hiyo mara nyingi ilikuwepo kabla yake. Mwaka 2009 nchini Uingereza, Profesa Louise Archer na wenzake wa King's College London walianza mradi wa utafiti ulioitwa ASPIRES, wakawa wanawafuatilia watoto kuanzia umri wa miaka 10 hadi 14. Maelfu yao walijaza madodoso, na baadhi walihojiwa pamoja na wazazi wao. Walio wengi walisema wanajifunza mambo ya kuvutia katika vipindi vya sayansi, wazazi wao wanaithamini sayansi, na wanasayansi wanafanya kazi yenye manufaa kwa watu. Walipoulizwa kama wao wenyewe wangependa kuwa wanasayansi, waliokubali walikuwa takriban 15 katika kila 100.

Hapo ndipo lilipo fundo. Ikiwa mtoto anaipenda sayansi na bado haioni kuwa ni kazi yake, kumwongezea mshangao hakutamsogeza mbali. Anachokikosa ni kitu kingine, na mtaalamu anayejitolea anaweza kumpa sehemu yake kubwa, mradi ajue anachokitafuta. Nalitilia mkazo jambo hili kwa sababu saa ambazo wataalamu hawa wanazitoa bila malipo ni za thamani, na inauma kuziona zikiishia kwenye makofi.

Kazi ambazo hakuna anayezitaja

Muulize mwanafunzi atafanya kazi gani akisoma sana fizikia, kemia au baiolojia. Watafiti wa ASPIRES walikuta picha finyu: sayansi humfikisha mtu kwenye kuwa mwanasayansi, daktari au mwalimu wa sayansi, basi. Haikuwemo mizani inayohakikiwa, wala udongo unaopimwa kabla ya daraja kujengwa, wala takwimu zinazoamua kama chanjo inafanya kazi. Na hali hii haiko Uingereza peke yake. Ripoti ya OECD, Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, iliyotoka mwaka 2020 ilitumia majibu ya vijana wa miaka 15 walioshiriki upimaji wa kimataifa wa PISA mwaka 2018. Katika nchi 41, asilimia 47 ya wavulana na asilimia 53 ya wasichana walitarajia kufanya mojawapo ya kazi 10 tu zinazojulikana zaidi.

Watoto hawana kosa. Mtu hawezi kutamani kazi asiyojua kama ipo. Hapa mgeni ana faida ambayo kitabu cha kiada hakina: yeye mwenyewe ni ushahidi kwamba kazi hiyo ipo na kwamba kuna mtu anayelipwa mshahara kwa kuifanya.

Chukua mtaalamu wa vipimo, yule ambaye kazi yake ni kuhakiki kwamba mizani, mita na vipimajoto vinasema kweli. Akiingia darasani na kuanza kusoma orodha ya majukumu yake kwenye slaidi, kufikia dakika ya kumi nusu ya darasa itakuwa inaangalia dirishani. Lakini akigawa rula kwa makundi sita na kuomba kila kundi lipime urefu wa meza ileile hadi milimita, majibu yatakuja tofauti. Atayaandika yote ubaoni bila kusema lipi ni sahihi. Mabishano yataanza yenyewe. Kundi moja lilianzia kwenye ncha ya rula badala ya alama ya sifuri. Jingine lilisoma rula kwa upande, jicho likiwa halijanyooka juu ya alama. Jingine lilihamisha rula mara kadhaa na kila mara likapoteza kidogo pale lilipoweka kidole. Ndipo atakapouliza: kama tofauti hii ingekuwa kwenye kipimo cha dawa ya mtoto mchanga, nani angeamua kipi ni kweli? Kufikia hapo kazi yake imeshaeleweka hata kabla hajaitaja jina. Na kwa kuwa vipimo na makosa ya vipimo ni mada inayofundishwa katika fizikia, mwalimu hajapoteza kipindi chake.

Sura ya mwanasayansi kichwani mwa mtoto

Sababu ya pili ya mtoto kutoiona sayansi kuwa ni yake ni nzito zaidi, na imechunguzwa kwa miongo mingi kwa njia nyepesi sana: mpe mtoto karatasi, mwambie achore mwanasayansi. Mwaka 1983 David Wade Chambers alichapisha matokeo ya michoro ya watoto 4,807, iliyokusanywa kati ya 1966 na 1977, mingi ikitoka Kanada. Koti jeupe, miwani, ndevu, chupa za maabara. Katika michoro yote hiyo, iliyomwonyesha mwanasayansi mwanamke ilikuwa 28 tu, na yote ilichorwa na wasichana. Hakuna mvulana hata mmoja aliyemchora mwanamke.

Mambo yamebadilika tangu hapo. Mwaka 2018 David Miller na wenzake waliunganisha tafiti 78 za aina hiyo kutoka Marekani, zenye watoto zaidi ya 20,000, wakaona kwamba katika tafiti za kuanzia miaka ya 1980 wastani wa michoro iliyomwonyesha mwanamke ulifika asilimia 28. Hilo ni badiliko kubwa. Lakini ndani ya matokeo hayohayo kuna jambo linalohuzunisha: watoto wa miaka mitano au sita huchora wanawake na wanaume kwa kiwango kinachokaribiana, na kadiri wanavyokua, wanaume wanazidi kutawala karatasi. Maana yake mtoto hazaliwi na picha hii. Anaipata njiani, miaka ileile anayokaa darasani.

Picha hiyo inaenda mbali kuliko koti na jinsia. Lin Bian, Sarah-Jane Leslie na Andrei Cimpian walionyesha mwaka 2017 kwamba wasichana wa miaka mitano huihusisha akili ya kipekee na jinsia yao kama wavulana wanavyofanya na yao. Wakifika miaka sita, wasichana wameanza kurudi nyuma, na hata michezo iliyoelezwa kuwa ni ya watoto wenye akili sana wanaanza kuikwepa. Ukiongeza kwamba watoto wa ASPIRES waliwaona wanasayansi kuwa ni watu wenye vichwa vya aina yake, unapata hukumu ambayo mtoto anajipitishia mwenyewe kimyakimya: hii ni ya wale wa kwanza darasani, si ya sisi wengine.

Sasa fikiria mgeni anayetambulishwa kwa orodha ya tuzo na shahada zake. Nia ya mwalimu anayemtambulisha ni njema, lakini watafiti wa saikolojia Penelope Lockwood na Ziva Kunda walishatoa tahadhari tangu mwaka 1997. Waliwapa wanafunzi wa chuo wa uhasibu habari za mwanafunzi mwenzao aliyeng'ara kupita kiasi. Wa mwaka wa kwanza walitiwa moyo, kwa kuwa walikuwa na muda wa kufika huko. Wa mwaka wa nne, ambao muda wao ulikuwa umekwisha, habari hiyo haikuwainua. Kielelezo humwinua mtu pale tu anapoona kwamba mafanikio yale anaweza kuyafikia. Yakiwa mbali mno, humkumbusha alivyopungukiwa.

Kwa hiyo mgeni anayeeleza alipofeli anafanya kazi kubwa kuliko anavyodhani. Xiaodong Lin-Siegler na wenzake waliwapa wanafunzi 402 wa sekondari za New York habari za Albert Einstein, Marie Curie na Michael Faraday. Wengine walisoma jinsi wanasayansi hao walivyokwama katika kazi, wengine jinsi maisha yalivyowabana, na kundi la tatu lilisoma mafanikio yao tu. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016, waliosoma habari za kukwama na kubanwa walipanda alama za sayansi kuliko waliosoma mafanikio, na walionufaika zaidi ni wale waliokuwa nyuma kimasomo. Nadhani kila mtaalamu anayejitolea angepaswa kuliweka hili mbele ya kila kitu anachopanga kusema. Siku ya kurudia jaribio kwa mara ya tano, mtihani wa hesabu uliorudiwa, makala iliyokataliwa na jarida: hivi ndivyo vinavyomfanya mwanafunzi wa safu ya nyuma ainue kichwa.

Je, lazima mgeni wa wasichana awe mwanamke? Kuwaona wanawake wakifanya kazi hizi kuna uzito wake, na tutauona ushahidi hapa chini. Lakini utafiti wa Sapna Cheryan na wenzake wa mwaka 2011 ulibaini kwamba, kwa wanafunzi wa kike wa chuo waliokutana na mtu wa sayansi ya kompyuta, kilichowavunja moyo zaidi ni mtu huyo kufanana na picha ile iliyozoeleka ya mtaalamu wa kompyuta, kwa mavazi na kwa mambo anayoyapenda. Jinsia yake haikuleta tofauti. Wanaume wasijitoe kwenye kazi hii kwa kudhani kwamba haiwahusu, na wanawake wachache walio katika fizikia au uhandisi wasibebeshwe kila mwaliko wa kila shule. Nao wana maabara za kurudi.

Faraday hakuwashwa na mhadhara peke yake

Kuna kisa ambacho husimuliwa kila panapozungumzwa kuhusu kuwahamasisha vijana kisayansi, na husimuliwa nusu. Michael Faraday alizaliwa mwaka 1791, mtoto wa mhunzi, na akiwa na miaka 14 aliingia uanagenzi wa kujalidi vitabu jijini London. Mwaka 1812 alihudhuria mihadhara minne ya mkemia Humphry Davy katika Royal Institution, taasisi ya sayansi jijini humo. Akaandika kila alichosikia, akachora vifaa, akajalidi maandishi yake kuwa kitabu na kumpelekea Davy. Mwaka 1813 aliajiriwa kuwa msaidizi wa maabara. Miaka mingi baadaye aligundua namna ya kuzalisha umeme kwa sumaku.

Husemwa: tazama nguvu ya mhadhara mmoja mzuri. Lakini hesabu watu waliomo ndani ya kisa. Yupo George Riebau, bwana aliyekuwa akimfundisha kazi, ambaye alimruhusu kusoma vitabu alivyokuwa akivijalidi. Yupo Jane Marcet, ambaye kitabu chake cha mazungumzo ya kemia kilimfungulia Faraday somo hilo. Yupo mteja wa dukani, William Dance, aliyempa tiketi za mihadhara, kwa sababu kijana wa uanagenzi asingezipata mwenyewe. Na yupo Davy, aliyepokea kitabu cha kijana asiyemjua, akamwita wakaonana, na nafasi ilipotokea akamkumbuka. Ondoa mmoja wao, na mihadhara ile minne ingebaki kuwa jioni nne nzuri katika maisha ya mjalidi vitabu.

Hiki ndicho Archer na wenzake wanachokiita mtaji wa sayansi: jumla ya yale mtu anayoyajua, anavyofikiri, anayoyafanya na, zaidi ya yote, watu anaowafahamu, vinavyomfanya aione sayansi kuwa ni yake. Mtoto ambaye shangazi yake ni mfamasia na baba yake ni mhandisi anakua akisikia mazungumzo ya kazi hizo mezani. Anajua somo gani lisiachwe, chuo gani kina kozi gani, nani wa kumpigia. Mwenzake aliyeketi dawati moja naye, mwenye alama zilezile, hana hata mmoja wa kumuuliza. Mtaalamu anayejitolea anapoingia darasani, kwa wa kwanza anaongeza jina moja kwenye orodha ndefu. Kwa wa pili anaweza kuwa ndiye wa kwanza katika orodha.

Faraday mwenyewe alilipa deni hilo. Mihadhara ya Krismasi kwa vijana ilianza Royal Institution mwaka 1825, naye akaitoa mara 19 kati ya 1827 na 1860. Maarufu kuliko yote ni ile ya mshumaa. Alikuwa akiuzima mshumaa, na moshi mweupe ukipanda kutoka kwenye utambi, anasogeza mwali wa moto kwenye moshi huo, inchi mbili au tatu juu ya utambi. Moto ulishuka ndani ya moshi hadi chini, na mshumaa ukawaka tena bila utambi kuguswa. Hapo kijana anaona kwa macho yake kwamba kinachowaka ni mvuke wa nta, na nta ile ngumu ni akiba tu ya mvuke huo. Kutoka hapo Faraday aliwapeleka hatua kwa hatua hadi kwenye maji na hewa ya kaboni inayotoka kwenye mwali, na mwisho kwenye pumzi zao wenyewe. Kishindo hakikuwa cha lazima. Kitu walichokuwa nacho majumbani mwao kilitosha kubeba kemia nzima, na jioni ileile wangeweza kukijaribu tena.

Saa moja inatosha?

Swali hili lilijibiwa vizuri zaidi Ufaransa. Katika mwaka wa masomo wa 2015–16, wachumi Thomas Breda, Julien Grenet, Marion Monnet na Clémentine Van Effenterre walifuatilia mpango wa wanawake wanasayansi waliojitolea kutembelea sekondari za eneo la Paris. Wanawake 56, shule 98, wanafunzi karibu 20,000, na ziara ya takriban saa moja. Madarasa yaliyotembelewa yalichaguliwa kwa bahati nasibu, mengine yakabaki bila ziara ili yalinganishwe nayo. Hilo ndilo linaloupa utafiti huu uzito, maana kwa kawaida shule zinazoalika wageni ni zile ambazo tayari zina ari, na mtu akiona wanafunzi wake wanafanya vizuri hawezi kujua kama ni mgeni au ni shule.

Ziara zilipunguza fikra zilizozoeleka kuhusu kazi za sayansi na kuhusu tofauti za uwezo kati ya wasichana na wavulana. Katika uchaguzi halisi wa masomo ya chuo, athari ilionekana hasa kwa wasichana wa mwaka wa mwisho wa sekondari waliokuwa wakifanya vizuri: wengi zaidi kati yao waliingia kwenye kozi za sayansi zenye ushindani mkubwa ambazo kwa kawaida hujaa wavulana. Saa moja ilifanya hivyo. Lakini iliwafanyia wale waliokuwa tayari wamesimama mlangoni.

Jambo jingine katika utafiti huo linastahili kusomwa mara mbili na kila anayeandaa ziara za aina hii. Wageni waliofanikiwa zaidi ni wale walioboresha picha ya wanafunzi kuhusu kazi zenyewe bila kusisitiza kupita kiasi uchache wa wanawake katika sayansi. Nikilitafsiri kwa upande wangu: msichana anayeambiwa kwa saa nzima kwamba wenzake ni wachache huko anaweza kutoka na habari moja tu, kwamba huko si kwake. Mgeni anayeeleza kazi yake kwa furaha, huku yeye mwenyewe akiwa mwanamke, ameshalisema lililokuwa la kusemwa.

Sasa linganisha huo na utafiti wa Robert Tai na wenzake wa mwaka 2006. Walitumia taarifa za wanafunzi wa Marekani waliofuatiliwa kuanzia mwaka 1988, wakiwa darasa la nane, hadi 2000. Waliosema wakiwa na umri wa miaka 13 au 14 kwamba wanatarajia kuwa katika kazi za sayansi walikuwa na uwezekano mara 3.4 zaidi wa kupata shahada za sayansi ya maumbile, kama fizikia na kemia, au uhandisi kuliko wenzao ambao hawakuwa na matarajio hayo. Kwa sayansi za viumbe ilikuwa mara 1.9.

Tafiti hizi mbili zinaonekana kuvutana: moja inasema athari iko mwisho wa sekondari, nyingine inasema mambo huamuliwa mapema. Kwa maoni yangu hazigombani, zinahusu kazi mbili tofauti. Kwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, ziara husaidia uamuzi ambao uko mezani tayari: kozi ipi, chuo kipi, nitaweza au sitaweza. Kwa mtoto wa miaka kumi hakuna uamuzi wa kufanya, kuna picha inayojengeka polepole, na picha haijengwi kwa saa moja. Huyu anahitaji kuwaona watu hawa mara nyingi, kwa miaka, hadi wawe jambo la kawaida machoni pake. Mtaalamu anayepeleka mazungumzo yaleyale kwa wote wawili amemkosa mmoja wao.

Mwalimu ndiye anayebaki

Mgeni huondoka, mwalimu anabaki na darasa mwaka mzima. Lisemwalo mara chache ni kwamba ziara iliyopangwa vibaya humuumiza mwalimu: kipindi kimeliwa, mtaala umerudi nyuma, na wanafunzi wameonyeshwa kwamba sayansi ya kweli huja na mgeni, siyo na yeye.

Ufaransa ilipita njia nyingine. Mwaka 1996 Georges Charpak, aliyepata Nobel ya fizikia mwaka 1992, alianzisha pamoja na Pierre Léna na Yves Quéré mpango wa La main à la pâte (yaani "mkono kwenye kinyunga"), kwa msaada wa Akademia ya Sayansi ya Ufaransa. Charpak alikuwa ameona kazi ya mwanafizikia mwenzake Leon Lederman katika shule za Chicago. Wazo lilikuwa kwamba watoto wa msingi wajifunze kwa kuuliza, kujaribu na kuandika wenyewe, na wanasayansi pamoja na wanafunzi wa vyuo vya sayansi wamsindikize mwalimu. Msindikizaji hafundishi badala ya mwalimu. Anamsaidia kuandaa jaribio na kumpa ujasiri pale mada inapomtia wasiwasi. Australia nayo ilianza mwaka 2007, kupitia shirika lake la utafiti la CSIRO, kumuunganisha mtaalamu mmoja na mwalimu mmoja katika ushirikiano wa muda mrefu ambao wawili hao waliupanga wenyewe.

Naipenda njia hii kuliko ya wageni wengi wa siku moja moja. Mtaalamu anayerudi hujua majina. Mwanafunzi aliyeogopa kuuliza mara ya kwanza huuliza mara ya tatu. Na mwalimu aliyepata mtu wa kumwandikia usiku kabla ya kufundisha mada ngumu atafundisha vizuri zaidi mwaka huo na miaka inayofuata, kwa wanafunzi ambao mgeni hatawaona kamwe.

Shule ambazo hakuna anayefika

Wataalamu wanakaa karibu na vyuo, hospitali kubwa na viwanda. Wanajitolea katika shule walizosoma, au wanakosoma watoto wao. Mialiko hutoka kwa walimu wenye muda na uzoefu wa kualika. Bila mtu kuingilia kati, ziara humiminika palepale ambapo mtaji wa sayansi umejaa, na kuruka pale ulipokauka. Ndiyo maana mipango mizuri haisubiri shule iombe. Inaanza na orodha ya shule ambazo hazijawahi kutembelewa.

Mazungumzo ya video yamepunguza umbali. Mpango wa Skype a Scientist, ulioanzishwa mwaka 2017 na mtafiti wa ngisi Sarah McAnulty, huunganisha darasa na mwanasayansi kwa maswali na majibu, popote kila mmoja alipo. Kwa shule isiyo na intaneti ya kuaminika, barua bado zinafanya kazi: darasa linaandika maswali, mtaalamu anajibu kwa mkono wake, mwalimu anasoma majibu na kuyabandika ukutani. Barua ina faida moja ambayo video haina, kwamba mwanafunzi mwenye aibu anapata zamu sawa na msemaji wa darasa.

Kabla ya kwenda, siku yenyewe, na baada yake

Ulinzi wa watoto haujadiliwi. Mgeni achunguzwe kama sheria za nchi zinavyotaka, mwalimu asitoke darasani hata dakika moja, mgeni asibaki peke yake na mtoto, na mawasiliano yote ya baadaye yapitie shuleni. Anayeleta kemikali au barafu kavu aandike hatari zake mapema na kumpa mwalimu nakala. Barafu kavu haifungiwi kwenye chupa kamwe, kwa sababu gesi yake hujaa na chupa hupasuka.

Mazungumzo kabla ya ziara ni muhimu kuliko slaidi. Mwalimu amwambie mgeni darasa limefika mada gani, wanafunzi wana ugumu wapi, wanatumia lugha gani wanapoelezana. Mgeni aulize. Maneno ya kitaalamu aliyoyazoea ofisini ayapunguze hadi yabaki yale matatu au manne ambayo kipindi hakiwezi kwenda bila hayo. Na nusu ya muda iachwe kwa maswali, yaliyoandikwa kwenye vikaratasi na kukusanywa, ili yasitoke kwa watu watatu walewale wa safu ya mbele.

Watauliza mshahara. Ajibu kwa kiwango cha jumla cha fani yake bila kukwepa, maana kwa mwanafunzi ambaye familia inamtegemea hilo ndilo swali la msingi. Watauliza kama alikuwa wa kwanza darasani. Kama hakuwa, aseme. Watauliza kama wakifeli hesabu ndoto imekwisha. Hapo aeleze njia zilizopo, ikiwemo ile ya ufundi sanifu, ambayo humpitisha mtu maabara hadi shahada kwa miaka mingi zaidi lakini humfikisha. Asilolijua aseme hajui, kisha awaonyeshe angelitafutaje. Kwa wengi itakuwa mara ya kwanza kumwona mtu mzima aliyesoma sana akisema hajui bila aibu.

Kisha kuna tathmini. Fomu zinazogawiwa dakika tano baada ya ziara huuliza kama wanafunzi wamefurahi, na wanafunzi hufurahi karibu kila mara. Haziwezi kuonyesha kilichobaki. Mwalimu aulize kabla ya ziara, kisha miezi sita baadaye, maswali yaleyale: taja kazi tano zinazohitaji sayansi, mtu wa aina gani anaweza kuzifanya, unamjua nani unayeweza kumuuliza, masomo gani unatarajia kuendelea nayo. Majibu ya mara mbili yawekwe pamoja, na nakala apelekewe mtaalamu. Pale ambapo jibu la swali la tatu bado ni "simjui mtu", ndipo pa kurudi kwanza, na tarehe ipangwe na mwalimu kabla kalenda ya muhula haijajaa mitihani.